Land Rover ya zamani na saa za fundi zisizoandikwa

Minada ya korosho ikishapita na malipo yakaingia kwenye akaunti za wakulima, Kusini huamka na mipango. Wengine wanaezeka nyumba, wengine wanaoa na kuozesha, wengine wanamnunulia kijana bodaboda. Na kila msimu hawakosekani watu wawili watatu wenye wazo lao la peke yao: kuna Land Rover imelala chini ya mwembe Nachingwea, au nyuma ya ghala Masasi, mzee mwenyewe ameshafariki na watoto hawana habari nayo, wanaitoa kwa bei ya kutupa. Tuinunue, tuifufue, tuuze kwa Mzungu.

Nayapenda magari hayo, na nalielewa wazo hilo. Lakini hesabu inayokuja nalo, kila ninapopewa niipitie, hutoka na faida kwa sababu moja tu: ndani yake kuna mtu ambaye hajalipwa, naye ni fundi. Mlipe fundi saa alizofanya kazi kweli, faida yote inayeyuka na gari linabaki deni. Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya saa hizo kuliko juu ya gari lenyewe. Naamini ndiyo bidhaa pekee katika shughuli hii ambayo Mtwara na Lindi tunaweza kuiuza bila kula hasara, na ndiyo hiyohiyo tunayoigawa bure.

Magari haya hayakufika huku kwa bahati. Land Rover ya kwanza ilioneshwa kwa umma Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati huo Waingereza walikuwa wamezama katika mradi wa karanga, ulioanza 1947 kule Kongwa na kusambaa hadi Urambo na Nachingwea. Mradi ulikufa 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36, ukatuachia bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960. Kuanzia hapo mizigo na abiria wote wakawa wa barabara, na barabara yenyewe kila mtu mzima wa Kusini anaikumbuka: hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, masika yakianza safari ya Dar es Salaam ilikuwa ya kuomba Mungu. Katika nchi ya namna hiyo gari la kuvuta magurudumu yote manne lilikuwa hitaji. Misheni, hospitali, serikali, vyama vya ushirika, wote walikuwa nayo. Yalipochoka yakauzwa kwa mnada, yakashuka vijijini, yakabeba korosho, wagonjwa, maiti na mahindi, mpaka siku giaboksi ilipogoma na spea ikakosekana. Pale yalipogomea ndipo wengi wanapoyakuta leo.

Nyingi ninazoziona ni za toleo la IIA, lililoanza 1961, na toleo la III, lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, zile ndefu za 109, yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Injini yake ya petroli au dizeli, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286, haina ufundi wa ajabu, na hilo ndilo linalowapa watu moyo. "Hii hata mimi naifungua," atakwambia kijana yeyote wa gereji. Kweli anaifungua. Lakini injini si mahali pesa inapopotelea.

Pesa inapotelea kwenye kutu, na kutu ya Land Rover ina siri yake. Baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, ila aluminiamu iliyokusudiwa viwanda vya ndege ilikuwepo. Kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu, huku chasisi na ule ukuta wa mbele unaomtenga dereva na injini vikibaki vya chuma. Mnunuzi anafika Nachingwea, anapangusa vumbi kwa kiganja, anaona milango na mabawa hayana tundu, anafurahi, anatoa pesa. Hajainama. Chasisi ni boksi la chuma lenye uwazi ndani, nayo huanza kuoza kutokea ndani. Kwa nje inaonekana nzima, ukiigonga kwa nyundo ndogo inalia kama debe bovu, ukizidisha nyundo inapita. Hasa kwenye mhimili wa nyuma kabisa, kwenye mikono inayobeba bodi pembeni, na chini ya miguu ya dereva ambako ukuta wa mbele hukusanya matope na maji.

Hapo jiografia yetu inaingia kwenye bei. Gari lililozeeka Mikindani, Lindi mjini au Kilwa limevuta hewa ya chumvi maisha yake yote, na penye chumvi, aluminiamu iliyogusana na chuma huliwa taratibu na kuacha unga mweupe kwenye kila boliti. Gari lililozeeka Masasi, Nachingwea au Newala juu ya mwinuko wa Makonde limepona zaidi. Ningekuwa mimi mnunuzi, ningelipa maradufu kwa gari la bara lenye injini iliyokwama kuliko kulipa nusu kwa gari la pwani linalowaka. Injini inashushwa na kufunguliwa kwa siku chache. Chasisi iliyooza inakula miezi.

Sasa tuandike. Namba nitakazotumia ni za mfano, kila mtu aweke za kwake za wiki hii, ila uwiano wake hautabadilika sana. Tuseme gari lenyewe umelipata kwa shilingi 4,000,000 na lori la kulileta Mtwara mjini limekula 600,000. Spea za injini, yaani pistoni, ringi, beringi, vali na gasketi, 2,000,000. Giaboksi na difu 1,200,000. Breki zote pamoja na mabomba na silinda zake 900,000. Tairi 5 kwa 350,000 kila moja ni 1,750,000. Umeme 600,000. Mabati, gesi na vijiti vya kuchomelea kwa ajili ya chasisi na ukuta wa mbele 1,200,000. Rangi, puti, msasa na thina 1,500,000. Viti na turubai 900,000. Usafiri wa spea kutoka Dar na nje 700,000. Nyaraka 400,000. Jumla ni 15,750,000 na fundi bado hajaguswa.

Hela ya ufundi mnakubaliana kwa mkupuo, kama ilivyo desturi: 3,000,000 mpaka gari litoke. Jumla 18,750,000. Umepata mteja wa 20,000,000, mkononi imebaki 1,250,000, watu wanapongezana. Kumbuka, hapo hatujaweka hata shilingi moja ya dharura, na katika kazi hii dharura ni sehemu ya bei. Hatujaweka pia kwamba kazi imechukua miaka 2, kwamba pesa yako ilikuwa imefungwa humo kidogo kidogo, na kwamba kwa riba ya 10 kwa mia tu, wastani wa nusu ya mtaji huo uliolala miaka 2 ungekuzalia kama 1,900,000 ukiwa umekaa nyumbani. Faida imeshakwisha kabla hatujamfikia fundi.

Tumfikie fundi. Kufungua Land Rover mpaka chasisi ibaki tupu, kuitibu, kutengeneza ukuta wa mbele, kushusha injini, giaboksi na difu, kunyoosha bodi, kupiga rangi na kurudisha kila kitu mahali pake, si ajabu kazi ifike saa 1,000. Si saa za gereji iliyolala. Ni saa za mikono, pamoja na zile za kuhangaika na boliti moja iliyoshikana tangu enzi za Mwalimu. Gawanya 3,000,000 kwa saa 1,000 upate 3,000 kwa saa. Katika hiyo 3,000 fundi analipa kodi ya kiwanja, umeme wa mashine ya kuchomelea, vijana wawili wanaomsaidia, na spana zinazovunjika. Kinachobaki ni chakula cha mchana.

Wenzetu wanafanyaje? Mwaka 2016 kiwanda cha Land Rover chenyewe kilitangaza kufufua magari 25 ya toleo la kwanza kabisa na kuyauza kwa kati ya pauni 60,000 na 80,000 kila moja. Waliosikia bei hiyo huku walishika vichwa. Lakini warsha ya kitaalamu Uingereza hutoza zaidi ya pauni 50 kwa saa, na saa 1,000 kwa kiwango hicho ni pauni 50,000 kabla ya kununua hata boliti moja. Bei ile kubwa ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mishahara ya mafundi iliyoandikwa waziwazi kwenye ankara. Hata huko, mwenye gari binafsi anayepeleka gari lake lifanyiwe kazi yote hiyo na kisha aliuze, kwa kawaida harudishi pesa yake. Anayelala na faida ni mwenye warsha.

Sisi tumeyapindua mambo. Huku fundi ndiye anayebeba hasara ili mwenye gari apate nafasi ya faida. Na kwa kuwa fundi naye ana watoto, hasara hiyo anaitua mahali pengine. Kazi inasimama mwezi mzima kwa sababu amekwenda kutafuta za harakaharaka kwenye Noah na bodaboda. Chasisi badala ya kukatwa penye uozo na kuungwa upya inabandikwa bati juu ya bati. Puti inapakwa nene kama plasta ya nyumba. Mwenye gari anapiga kelele kwamba mafundi wa siku hizi ni waongo, na mtaani wanamuunga mkono. Sikubaliani nao. Aliyekubali kulipwa chakula cha mchana kwa kazi ya saa 1,000 hana njia ya kuifanya kazi hiyo kwa uaminifu, na aliyempa bei hiyo alijua au alipaswa kujua.

Tuje kwa yule Mzungu anayesubiriwa. Wanunuzi wa nje wapo, na Land Rover inatafutwa, hasa baada ya uzalishaji wa ile Defender ya zamani kufungwa kiwandani Solihull, Uingereza, mwezi Januari 2016. Ila mnunuzi wa nje analipia kitu ambacho gereji zetu nyingi hukiondoa siku ya kwanza: uasilia. Desturi yetu, na ina mantiki kamili, ni kung'oa injini ya Mwingereza na kuweka ya Nissan au Toyota, kwa sababu spea zake zipo hadi Tandahimba na inakula mafuta kidogo. Kwa gari la kazi huo ni uamuzi mzuri. Kwa gari la kumuuzia mkusanyaji ni kulikata bei mwenyewe. Mfano mmoja wa kisheria: Uingereza, gari lenye zaidi ya miaka 30, la aina isiyotengenezwa tena, na lililobaki katika hali yake bila mabadiliko makubwa ya chasisi, usukani, breki au injini, linaweza kuingia bila ushuru wa forodha na kwa VAT ya 5 kwa mia. Lisipokidhi masharti hayo linarudi kwenye ushuru wa kawaida na VAT ya 20 kwa mia. Injini ya Toyota uliyoiweka kwa nia njema imemwongezea mnunuzi wako kodi, naye atakukata wewe.

Kuna na jambo la pili ambalo linawashangaza wengi: kung'aa hakuongezi thamani kila mara. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linalolitambua gari kuwa la kihistoria kuanzia miaka 30, limetoa Mkataba wa Turin unaosisitiza kuhifadhi kilichopo kabla ya kubadilisha. Rangi ya kwanza iliyochubuka, maandishi ya idara iliyolimiliki yanayoonekana kwa mbali mlangoni, kiti kilichopasuka cha zamani, vyote hivyo ni ushahidi. Land Rover inayoitwa Oxford, iliyokwenda kutoka London hadi Singapore mwaka 1955 na 1956 na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, iliokotwa baadaye kisiwani St Helena ikiwa hoi, ikarejeshwa Uingereza, ikafufuliwa, na mwaka 2019 ikaendeshwa kutoka Singapore kurudi London. Kama bati na chuma ilikuwa karibu na skrepa. Kilichoipa heshima ni historia iliyothibitika.

Jiulize basi ni Land Rover ngapi za Nachingwea zimeona mambo makubwa. Nachingwea ndiko wapiganaji wa FRELIMO walikofunzwa. Masasi na Ndanda kuna misheni zilizohudumia wilaya nzima kwa magari machache. Gari lenye kadi yake ya kwanza, picha mbili za wakati wake, na barua ya idara iliyoliuza, lina bei tofauti na gari lilelile lisilo na karatasi. Hapa ndipo ninaposikitika kweli. Familia zinauza gari na kuchoma makaratasi ya marehemu, au zinauza bila kuuliza wazee lilitoka wapi. Kinachoondoka pale ni nusu ya thamani, na hakina spea dukani.

Karatasi zina upande wake mchungu pia. Gari la mzee aliyefariki ni la mirathi. Kijana mmoja wa familia akikuuzia peke yake, hujanunua kitu, umenunua kesi. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kumpata huchukua muda na vikao vya ukoo. Halafu kadi iwe na namba ya chasisi na ya injini zinazosomeka na kulingana na zilizo kwenye gari. Nimeona watu wakimaliza kazi ya chasisi, wakasaga kutu yote vizuri, na kusaga pamoja nayo namba iliyogongwa kwenye chuma. Gari limepona, uthibitisho wake umekufa. Kazi ya nyaraka ifanyike kabla ya pesa ya kwanza kutoka, na isipowezekana, gari liachwe, hata liwe zuri namna gani.

Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, mwenye gari aamue anataka lipi. Likiwa la kazi, aweke injini inayopatikana, aimarishe chasisi na breki, aachane na rangi ya bei mbaya, akabebe chumvi na korosho. Gari la namna hiyo linaweza kujilipa, kwa sababu halijabeba gharama za urembo. Likiwa la kumbukumbu, aliache karibu na lilivyo, atunze kila kipande kilichotoka, na akubali kwamba pesa anayoweka ni ya mapenzi yake. Wanaoumia ni wale wanaochanganya: injini ya Nissan, rangi ya kung'aa, viti vya kisasa, muziki, na bei ya mkusanyaji. Gari la hivyo halina mteja wa Ulaya, na mkulima wa Newala haliwezi kwa bei hiyo.

Kukodisha kwa harusi watu hukutaja sana. Kunasaidia, hasa baada ya msimu wa korosho ambapo maharusi hutaka kitu tofauti na Harrier za kila siku, na pale Mikindani mbele ya majumba ya kale picha hutoka vizuri. Ila ni pesa ya msimu. Inalipia tairi na mafuta. Asikudanganye mtu kwamba itarudisha milioni 20.

Turudi kwenye gereji, maana faida ninayoiona iko huko. Fundi wa Mtwara akijenga jina la kazi moja ngumu, kwa mfano kutengeneza upya ukuta wa mbele wa 109 au kuunga chasisi kwa vipimo sahihi, hahitaji kununua gari lolote. Aunde fremu ya kupimia kutoka kwenye gari moja zima, sehemu zote za kufungia boliti zikae mahali pake, na kuanzia hapo kila ukuta atakaoutoa utaingia bila kulazimishwa na nyundo. Bati analo, mashine anayo, mikono anayo. Sehemu hiyo kuagizwa kutoka Uingereza ni mzigo mkubwa na mzito, na VAT ya 18 kwa mia inaungoja bandarini juu ya ushuru na nauli. Hapo fundi wa hapa ana nafasi kweli. Wateja wake hawatakuwa Mtwara tu. Kampuni za safari za Kaskazini, wenye mashamba, na wapenzi wa magari ya kale wanaoonekana kila mwaka kwenye maonesho ya Nairobi, wote wana Land Rover zinazooza mahali palepale. Wao wakubali hasara ya mapenzi yao, yeye apate mshahara.

Tunakosea vilevile tulivyokosea kwenye korosho. Tunapeleka ghafi, na maganda yake yanakwenda humohumo. Mafuta ya maganda ya korosho hutumika viwandani kutengenezea ile sehemu ngumu ya breki inayosaga kwenye drami. Korosho ya Tandahimba inaweza kupanda meli hadi India, na ukainunua tena Kariakoo ikiwa breki. Land Rover inayotoka Nachingwea kama skrepa au kama gamba la kufufuliwa nje imefuata njia hiyohiyo: saa 1,000 za kazi zinalipwa pauni mahali pengine.

Na nikiwa kwenye breki, kuna gharama ambayo sijaona ikiandikwa katika hesabu ya mtu yeyote. Breki na klachi za magari ya miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto. Kijana anafungua drami, anashika mpira wa kompresa, anapuliza vumbi, linamrudia usoni. Vumbi hilo linaweza kuleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi, wakati mwenye gari na gari lenyewe hawakumbukwi tena. Rangi za kisasa za kuchanganya na kigumishi nazo zinaharibu mapafu zikipigwa bila kinyago cha kufaa. Kulowesha vumbi kwa maji na kulifuta kwa kitambaa cha kutupa hakugharimu kitu. Kinyago cha kweli kinagharimu, na kinapaswa kuwa mstari wa kwanza kwenye makadirio, juu ya rangi na juu ya turubai. Mwenye gari anayekataa kulipia kinyago nadhani fundi amkatalie kazi.

Najua nitakachoambiwa: fundi akianza kutoza kwa saa, wateja watakimbilia kwa jirani anayekubali mkupuo. Kwa Noah na bodaboda ni kweli, na sisemi abadilishe huko. Kazi ya kufufua gari la kale ni nyingine, kwa sababu hakuna awezaye kujua bei yake kabla ya kufungua. Anayetoa bei ya mkupuo kwa chasisi ambayo hajaiona ndani anacheza kamari na chakula cha wanawe. Njia nyepesi ni kuigawa kazi hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza iwe ya kufungua na kukagua tu, ilipwe peke yake, na mwisho wake mwenye gari apewe picha za kila palipooza na makadirio ya hatua inayofuata. Akikata tamaa hapo, anachukua gari lake likiwa limefunguliwa na kila boliti kwenye mfuko wenye jina, fundi amelipwa, hakuna uadui. Akiendelea, hatua ya pili ni chasisi na ukuta wa mbele, ya tatu mitambo, ya nne bodi na rangi. Pesa ya hatua iingie kabla hatua haijaanza. Spea anunue mwenye gari kwa orodha ya fundi, zisichanganywe na hela ya ufundi hata kidogo, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Kinachohitajika ni daftari la shilingi elfu chache. Jina la gari, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuacha, nani alifanya nini. Vijana wanaotoka VETA za Mtwara na Lindi wanajua kusoma kipimo na kuandika. Wapewe wao kazi ya kulijaza kila jioni. Baada ya gari moja, fundi atakuwa na kitu ambacho sijakiona kwenye gereji yoyote ninayoifahamu hapa: idadi halisi ya saa za kutengeneza ukuta mmoja wa mbele, ya kufunga chasisi moja, ya kupiga rangi gari moja la 109. Mteja wa pili akija na Land Rover yake juu ya lori kutoka Liwale, akauliza bei, fundi afungue ukurasa, amwoneshe, na amtajie bei ya saa yake bila kuinamisha macho.